Kumpeleka Mama wa Mikono Minane Kwamkoro

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza habari za safari hii kila mara kengele ya chai inapogongwa, na kila mara nimesimulia nusu, nusu nyingine ikakatwa na kengele ya darasani. Sasa naandika yote. Msomaji wa kwanza ampe wa pili, maana nimechoka kukatizwa na Mwalimu wa Hesabu anayetaka kujua mwisho wakati mimi bado sijafika Mombo.

Soni

Ujumbe ulikuja kwa mdomo wa dereva aliyeleta vipuri vya mashine kiwanda cha chai cha Mponde. Alisimamisha lori sokoni Soni, akaulizia nyumba ya mama yangu, akapanda kilima akihema, na kabla hajamaliza maji aliyopewa akasema: Bibi Kanta wa Kwamkoro amekataa kula. Anakunywa chai tu. Mwanawe akimbembeleza, anajibu kwamba atakula siku Mama yake atakapokaa mbele yake. Na sikukuu yao ya siku tisa ilikuwa inakaribia.

Ninyi mliohamia Lushoto juzi hamumjui Bibi Kanta. Yeye na mumewe, Wahindi, walikuwa na duka pale Soni, la vitambaa, viberiti na mafuta ya taa. Juu ya rafu, nyuma ya mizani, alikaa huyo Mama: mungu wao wa kike, wa mti uliochongwa, amepakwa nyekundu na dhahabu, amepanda chui milia, mikono minane, kila mkono na kitu chake. Nilipotumwa chumvi nilikuwa nasimama upande wa mlango ili macho yake yasinifikie. Mama yangu yeye hakuogopa. Alikuwa akiketi na Bibi Kanta nyuma ya duka wakichambua maharage na kusengenya kwa Kishambaa, maana Bibi Kanta alikisema kuliko sisi tuliokwenda shule.

Mume wa Bibi Kanta aliugua miaka ile ya foleni, dawa zilipokuwa hazipatikani hata kwa kujuana. Bibi Kanta alifunga, akaomba, akamwashia Mama taa asubuhi na jioni. Mumewe akafa. Siku alipohama kumfuata mwanawe Bharat, fundi wa mashine kiwandani Kwamkoro, alimleta Mama nyumbani kwetu amefungwa kwenye shuka. "Mimi na yeye hatusemezani tena," akasema. "Lakini siwezi kumtupa. Mweke juu, mahali pa heshima, asiguse sakafu." Mama yangu, Mlutheri wa kwaya ya akina mama, alimpokea bila swali. Mgeni wa rafiki yako ni mgeni wako.

Sasa mgeni alikuwa anaitwa kwao, na mama magoti yake hayawezi tena basi. Nikapewa mimi. Alinikabidhi mzigo umefungwa kanga mbili, mafundo ya kikwelikweli, na mfuko wa plamsi, yale matunda ya kwetu, wa kumpelekea Bibi.

"Umpakate njia nzima," akasema. "Usimweke chini. Na kila mtakaposimama kula, mtengee kwanza yeye, kidogo tu, ndipo ule wewe. Bibi mwenyewe alinifundisha."

"Mama, mimi ni Mlutheri."

"Na mimi ni nani? Nimekuambia umsalie? Nimekuambia umpe mgeni chakula."

Na mnamjua mama yangu. Yeye hasemi kwamba anakupenda, anakupa maagizo.

Kuteremka Mombo

Basi lilikuwa na nafasi, nikakaa dirishani na mzigo wangu mapajani. Kando yangu alikaa mama muuza kabichi, mtu wa maneno. Hatujapita kona ya pili akaninong'oneza, "Mfunue kidogo mtoto apate hewa."

Nikasema amelala. Sijui kwa nini nilisema hivyo, labda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kweli. Yule mama akaanza kumpigapiga mgongoni, huku anaimba wimbo wa kubembeleza, mpaka kiganja chake kilipokutana na mkia wa chui milia. Wimbo ukakatika, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, maana Soni nzima inanijua kwa jina hilo, "mwanao ana mifupa migumu."

Nikamwambia ukweli. Alicheka hadi kondakta akageuka. Lakini jambo moja nililiona: hakuuondoa mkono wake. Aliendelea kumpigapiga mpaka chini.

Mombo, kizuizini

Chini kabisa, kabla ya barabara kuu, kulikuwa na kizuizi cha mazao ya misitu. Bwana mmoja mwenye kofia alipanda kukagua kama kuna mtu anayeshusha mbao bila kibali. Akaminya mzigo wangu. Mti. Akasema nishuke nifungue.

Nilikuwa sijamwona yule Mama tangu duka lifungwe. Nilipofungua kanga ya pili nusura nimwangushe. Alikuwa mweusi. Taji jeusi, mikono yote myeusi, chui milia hana hata mlia mmoja. Nyekundu haikuwepo, wala dhahabu.

"Mpingo," akasema bwana kofia kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. "Kibali kiko wapi?"

Mimi nilikuwa simsikii. Nilikuwa nimeshaelewa mama yangu alifanya nini. Ninyi mliokulia mijini niwaeleze: kwetu mahindi ya kula hutiwa guniani, lakini ya mbegu hufungwa na maganda yake na kuning'inizwa darini juu ya meko, moshi uyapige msimu hadi msimu, wadudu wasiyaguse. Bibi Kanta alisema juu, mahali pa heshima, asiguse sakafu. Katika nyumba ya mama yangu hapana mahali pa juu kuliko pale. Alimpandisha akakae na mbegu, na moshi haukuuliza nani mbegu na nani mgeni.

Bwana kofia alilowesha kidole akasugua goti la Mama. Kidole kikatoka cheusi, na gotini pakabaki doa jekundu. Akakitazama kidole chake.

"Mpingo gani unatoa masizi?" akauliza mama muuza kabichi, ambaye alikuwa ameshuka bila kuitwa, pamoja na nusu ya basi.

Bwana kofia akakohoa. Ili asionekane ameshindwa, akauliza swali la kiofisa: "Na mikono yote hii, anafanyia nini?"

"Hujawahi kulea wewe," akajibu yule mama. "Mkono wa kuni, mkono wa maji, mkono wa mtoto, mkono wa kumchapa huyo mwingine. Minane tena haimtoshi, maskini."

Watu wakacheka, na bwana kofia naye akacheka, akanisaidia kufunga kanga. Mimi peke yangu sikucheka. Bibi Kanta amegoma kula mpaka amwone Mama yake, nami nakwenda kumpa kitu kilichotoka mekoni! Atasema tulimtupa jikoni, na urafiki wa mama yangu wa miaka yote utaishia mikononi mwangu. Siku hizi Mombo ina kila kitu tulichokikosa zamani, sabuni za rangi zote zimepangwa barazani. Nikanunua ya unga na brashi.

Korogwe, kusubiri gurudumu

Basi lilifika Korogwe likichechemea, likakaa. Gurudumu moja lilikuwa limekwenda kutafutiwa mwenziwe, tukaambiwa tule. Nikaingia hoteli ndogo karibu na stendi, nikaagiza wali kwa maharage. Nikatenga kijiko cha wali kwenye kisosi, nikakiweka mbele ya mzigo uliokaa kiti cha pili, nikijifanya nimefanya kwa bahati mbaya.

Meza ya jirani alikaa mzee aliyevaa koti zito katika joto lile. Alivua kofia, akasogea.

"Pole sana, mwanangu. Ulimzika lini?"

"Shikamoo mzee. Sijazika mtu."

"Marahaba. Basi hicho chakula cha nani?" Akaeleza kwamba kwao Songea mtu akiondokewa humtengea marehemu wake hivyo hivyo. Jina lake Mzee Komba. Alikuja ujanani kukata mkonge, mkonge ukamzeesha, shamba likafungwa, na nauli ya kurudi kwao haikupatikana mpaka hamu ya kurudi nayo ikaisha.

Nikamfungulia. Alimtazama kwa muda, akafanya ishara ya msalaba.

"Kama Mama Maria wa parokia yetu," akasema. "Naye moshi wa mishumaa ulimfanya hivi hivi. Ila wa kwetu mikono miwili."

Hapo ualimu ukanipanda. Nikamweleza kwamba chuoni, kwenye somo la saikolojia, tulifundishwa kuwa akili ya mtu ni nyumba yenye vyumba vilivyojengwa tangu utotoni. Kitu kigeni kikija, mtu hakijengei chumba kipya, anakisukumia katika kile kilichopo. Muuza kabichi kamwingiza chumba cha walezi, bwana wa kizuizini chumba cha magendo, na yeye Mzee Komba kampeleka kanisani. Nilieleza vizuri sana, hata mwenye hoteli alisimama na sahani akisikiliza.

"Kweli," akasema Mzee Komba. "Na wewe umempeleka chumba gani?"

Nikataka kusema mimi sina, mimi ni mpeleka mzigo. Lakini nilikuwa namtazama yale macho, na masizi hayakuwa yameyafunika sawasawa. "Mkaguzi wa shule," nikajibu. Ndivyo ilivyo. Tangu utoto, mwanamke yeyote anayenitazama hivyo nahisi amekuja kukagua maandalio yangu ya somo. Mzee akacheka, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo jingine, nikaona haya.

Nilipoomba ndoo ya maji uani, nikatoa ile sabuni, alinifuata.

"Unafanya nini?"

"Namwosha, mzee. Mwenyewe akimwona hivi atalia."

"Ni mama yako?"

"Hapana. Wa Bibi."

"Basi usimwoshe mama wa mtu bila kuambiwa," akasema Mzee Komba. "Hujui lipi ni uchafu na lipi ni lake."

Nilikasirika, kwa sababu sikupenda kufundishwa na mtu niliyetoka kumfundisha. Lakini brashi niliirudisha mfukoni. Tulipoitwa kupanda basi, nilimwona ameinama kando ya mzigo anazungumza kwa lugha yake. Sikuelewa ila majina, nayo yalikuwa mengi. Nadhani ni ya watoto.

Muheza kupanda Amani

Muheza tulilala, na asubuhi nikapata nafasi kwenye lori la mashamba ya chai lililokuwa linapandisha chumvi na mafuta. Nyuma tulikaa wachache, wachuma chai waliotoka likizo na dada mmoja mlokole aliyeitwa Tumaini. Mmoja wao aliuliza nimebeba nini. Baada ya Mombo na Korogwe nilikuwa nimechoka kudanganya, nikasema. Tumaini akahamia upande wa pili wa lori, akaweka Biblia kati yetu.

"Hilo ni pepo, dada. Nitakuombea, lakini nitakuombea nikiwa huku."

Mvua ilitukuta msituni. Miti ikafunga njia kwa juu, ukungu ukashuka, na kwenye mteremko mmoja lori likateleza, likakaa mtaroni limeinama. Dereva akatuomba tusukume. Nikashuka hadi kwenye tope la magotini, ndipo nikakumbuka: usimweke chini. Nikasimama pale na mzigo wangu, mvua inanimwagikia, sijui nimkabidhi nani. Waliokuwa na nguvu wote walikuwa wanasukuma. Aliyebaki alikuwa Tumaini, mwenye mguu unaomsumbua.

Alinitazama, akatazama mzigo, akatazama mbinguni. "Lete," akasema.

Tulisukuma, tukaimba, tukaanguka, tukasukuma tena. Lori lilipotoka, nilimkuta Tumaini amekaa chini ya turubai, amemkumbatia Mama kwa mikono yote miwili na kumfunika kwa koti lake mwenyewe. Yeye alikuwa amelowa chapachapa.

"Sikumshika," akaniwahi. "Nimemkinga mvua. Hata pepo mtu hawezi kumwacha anyeshewe."

Kwa hilo nilimpa plamsi mbili za Bibi, na tukazila pamoja. Kwanza, naomba niseme, nilitenga moja.

Kwamkoro

Bharat alitupokea kwenye nyumba ya wafanyakazi karibu na kiwanda, mtu mnene sasa, nywele zimeingia mvi, lakini aliponiona alinisalimia kwa Kishambaa kile kile cha sokoni Soni. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. Bibi alikuwa chumba cha ndani. Amekonda, akasema, na macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu.

Akafungua kanga palepale barazani. Nilijua kitakachofuata.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mmemfanya nini Mama?"

Nikamweleza habari ya mbegu na meko. Alinielewa, maana amekulia kwetu, lakini uso haukukunjuka. "Najua mama yako hana ubaya. Ila mama yangu anamkumbuka akiwa mwekundu. Akijua kwamba alikaa kwenye masizi, hatanyanyua tena mkono kula. Ninayo rangi kiwandani. Kesho atakuwa amekauka, nitamwambia mmechelewa njiani."

Wenzangu, nilishawishika. Ilikuwa njia rahisi, na mimi mvivu wa matatizo. Lakini nilikumbuka ua wa hoteli Korogwe. "Bwana Bharat," nikasema, "tumwulize mwenye mama."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani. "Nani huyo anasema Kisoni?"

Nikaingia. Mwanamke aliyekuwa anajaza duka zima sasa alienea kwenye pembe ya kitanda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa Mama Naomi. Naomi mwenyewe! Umekuja na nani?"

"Nimekuja naye."

Alinyoosha mikono. Bharat alisimama mlangoni na mkono kinywani. Nikamweka Mama mapajani pake, nikaanza kujitetea haraka haraka: Bibi, usikasirike, mama alimweka juu kama ulivyosema, juu ya meko, na mbegu, amekuwa mweusi, lakini hakuguswa na sakafu hata siku moja.

Bibi Kanta hakuwa ananisikiliza. Vidole vyake vilipita kwenye taji, vikapita usoni, kisha akainama kumgusa kwa kipaji cha uso, kama wafanyavyo. Akabaki hapo hapo. Nikamsikia anavuta pumzi ndefu, akaiachia, akavuta nyingine. Halafu akatamka neno moja la kwao, "Ba," ndilo wanaloitia mama, akalia kwa sauti ya msichana.

Tulimwacha alie. Alipoweza kusema, alisema akiwa bado ameweka shavu juu ya lile taji jeusi.

"Mama yangu alinipa huyu siku ya kuolewa, nipande naye meli. Alikuwa anakaa jikoni kwetu, karibu na moto. Nilipofika huku, nikishikwa na ukiwa, nilikuwa nafungua sanduku nanusa tu. Moshi wa mama yangu. Sikuwa namwomba kitu, namwambia habari za siku. Halafu harufu ikaisha. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaona amechakaa, akampeleka Tanga akapakwa rangi ya mafuta. Alirudi mzuri sana, Naomi. Mzuri kama malkia. Kuanzia siku hiyo nikaanza kumwogopa, na kumwomba vitu. Mtu akimwomba malkia na malkia asimpe, afanye nini? Anagombana naye."

Akanusa tena. "Mama yako alimweka na mbegu?"

"Ndiyo, Bibi. Za msimu ujao."

"Na mimi nilimwacha pale nikisema hafai kitu," akasema.

Bharat alifuta macho, akasema polepole kwamba rangi ipo, kama anataka. Bibi akamgeukia kwa yale macho ya ukungu na ukali wote wa nyuma ya mizani. "Rangi upake mashine zako. Lete chakula!"

Chakula kikaletwa, wali na dengu. Alimega kidogo kwa vidole, akauweka mbele ya Mama, akasubiri, akamwambia kitu kwa kwao kilichomchekesha yeye mwenyewe. Ndipo akala. Alikula taratibu, akaomba kuongezewa, na Bharat akakimbilia jikoni akagonga kichwa kwenye mlango. Mimi wangu ulipoa sahanini, namtazama yeye.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina hadithi, ila kwamba Korogwe nilimtafuta Mzee Komba nimwambie, sikumkuta. Sabuni niliiacha kwa mwenye hoteli ampe.

Nilimkuta mama jikoni, anachochea moto. Sikuwa nimekaa vizuri aliponiuliza, "Alikula?"

Nikasema alikula, akaongezewa. Nikamsimulia yote, meli, sanduku, moshi. Mama alisikiliza bila kugeuka, anasukuma kuni. Nikamwambia jinsi nilivyoogopa njia nzima kwamba alikosea kumweka pale.

"Mahindi ya kula natia guniani," akasema. "Yataliwa, yataisha. Kile ninachotaka kirudi ndicho ninachopandisha juu." Akapuliza moto. "Nilitaka warudiane."

Nikatazama juu. Mbegu zilikuwa zimening'inia zote, na katikati yake nafasi ile ilikuwa wazi. Nikataka kusema tuning'inize mahindi mengine, lakini pembeni pake, kwenye msumari mweusi wa masizi, niliona kitu ambacho nilikuwa nimepita chini yake miaka yote bila kukitazama. Ni kofia yangu ya sufu, ile aliyonifumia mama siku niliyokwenda shule ya bweni mara ya kwanza. Sikujua kama bado ipo. Imekuwa nyeusi tii.

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na moto, na mama akanipakulia kwanza mimi.